Karani wa mizani na muuza pweza: kuandika na kupiga filamu ya mapenzi ya watu wazima hapa Mtwara

Tajiri na maskini, msomi na asiyesoma, wa mjini na wa shamba: tofauti za namna hii mtazamaji huzimaliza kabla jina la filamu halijapita kwenye kioo. Akishajua huyu ni mtoto wa bosi na yule ni dereva, mwisho ameshaujua, na dakika 90 zilizobaki ni za kusubiri tu. Ukitaka filamu ya mapenzi na vichekesho ya watu wazima wasioendana, tafuta tofauti iliyo kwenye kazi zao na mazoea yao, jambo ambalo mmoja hulifanya kila siku kwa mikono yake na mwenzake hawezi hata kulitazama bila kukereka. Mtwara tofauti za aina hiyo zimejaa.

Tuchukue jozi moja tuifuate mpaka mwisho. Chande ana miaka 52, ni karani wa mizani kwenye AMCOS ya korosho, yaani chama cha ushirika cha wakulima, katika kijiji kilicho jirani na Mikindani. Mkewe waliachana zamani. Anasoma mizani, anaandika, halafu anasoma tena, kwa sababu anajua wakulima wanaamini makarani wote hukata kilo. Somoe ana miaka 43, mjane mwenye watoto wawili, na anauza pweza kwa mafungu. Mizani hana wala haitaki. Ukubwa wa fungu unategemea maji yalivyokuwa, mteja ni nani na amesalimia vipi. Siku Chande anapokuja kununua pweza na mizani yake ya kuning'iniza mfukoni, filamu imeanza, na hapakuwa na haja ya watu kugongana kwenye kona mizigo ikamwagika.

Uzuri mwingine wa jozi hii ni kalenda. Pweza hufuata mwezi: maji bamvu yanapofika, mwezi mwandamo au mwezi mpevu, miamba hubaki wazi na watu hushuka kutafuta. Korosho hufuata msimu: minada huanza Oktoba, hukolea Novemba, huisha Desemba au Januari. Kwa hiyo Somoe akipata nafasi Chande yuko ghalani, na Chande akipumzika Somoe yuko mwambani maji ya magoti. Wanapishana bila mwandishi kubuni ile simu iliyosahaulika mezani ikasomwa na mtu mwingine. Kizuizi cha simu ni cha vijana wa miaka 20. Mtu wa miaka 52 angeuliza tu, akajibiwa, filamu ikaisha.

Umri nao ufanye kazi. Somoe ni mdogo kwa miaka tisa, hivyo mara ya kwanza atamwamkia shikamoo, na Chande ataitika marahaba bila kufikiri. Hapo amejifungia mlango mwenyewe, maana ukishaitikia marahaba umekuwa mzee wa huyo mtu, na mzee hachumbii. Safari yao yote inaweza kuonekana kwenye salamu. Ukurasa wa 8 ni shikamoo. Ukurasa wa 30 Somoe anasema "Habari za kutwa, karani," na Chande anabaki mdomo wazi akisubiri shikamoo yake. Ukurasa wa 50 Chande anamwita Mama Zuhura. Karibu na mwisho anamwita Somoe, jina lake, mbele ya watu, na soko zima linageuza shingo. Tukio hilo linachukua nafasi ya busu, ambalo kwenye filamu inayotazamwa sebuleni na bibi na wajukuu litamfanya mtu aanze kutafuta rimoti. Hollywood walipita njia hiyo hiyo: kuanzia 1934 kanuni zao za maadili zilipoanza kusimamiwa kwa ukali, waandishi wa vichekesho waliwapa wapenzi maneno ya kugombana badala ya kitanda, na baadhi ya kazi zao bora ni za miaka ile.

Sasa vizuizi. Hapa ndipo waandishi wengi huazima baba mkali kutoka filamu za watu wengine. Kwa Wamakonde ukoo huhesabiwa upande wa mama, na mjomba ana sauti kubwa kwenye ndoa ya mpwa wake. Weka mjomba, tena mfanye awe na miaka 36, mtoto wa mwisho wa bibi yake Somoe, ambaye Somoe mwenyewe alimbeba mgongoni. Huyu ndiye atakayekaa mkekani na kukunja uso akiuliza mchumba ana nia gani. Mwongezee kazi: ananunua korosho kwa kangomba, yaani anawazunguka wakulima wenye shida na kuwanunulia kwa kopo kwa bei ya kutupa kabla ya mnada, jambo lililokatazwa, na karani aliyemtaja kwenye mkutano wa kijiji ni Chande. Mgogoro wa kilo na fungu umekwishaingia ndani ya familia, na mwandishi hajaongeza mtu mpya hata mmoja.

Ila angalia sheria za dini. Kama wahusika ni Waislamu, mjomba wa kwa mama si walii wa nikaha. Walii hutoka upande wa baba. Ukimwonyesha mjomba anaozesha, watazamaji wa Mikindani watacheka pahali ambapo hukukusudia. Ni bora Chande apite milango miwili, wa mila na wa dini, na kila mlango umuulize maswali yale yale kwa adabu tofauti. Mjane pia hukubali kwa kauli yake, kimya hakimtoshi kama kinavyohesabiwa kwa mwari. Mpe Somoe kimya kirefu pale, sekunde sita au saba, huku Chande akijifuta jasho. Na eda ya mfiwa ni miezi minne na siku kumi: mume awe amefariki miaka mitatu nyuma, vinginevyo kila tabasamu lake litawasumbua watazamaji.

Sehemu ya mwisho ya filamu inahitaji saa inayogonga, na Sheria ya Ndoa ya 1971 inakupa moja bure. Wanaotaka kuoana hutoa taarifa angalau siku 21 kabla, na katika muda huo mtu anaweza kuweka pingamizi. Siku 21 zina bamvu moja kwa uhakika, pengine mbili, na kama ni Novemba zina minada kadhaa. Pingamizi liwekwe na mjomba, kwa barua iliyojaa makosa ya hesabu ambayo Chande hawezi kujizuia kuyasahihisha kwa kalamu nyekundu kabla hajagundua inamhusu yeye.

Kuhusu lafudhi: usifanye Kimakonde kiwe kichekesho. Mzaha wa matamshi huchosha ndani ya dakika kumi, na huku nyumbani unaudhi. Utani upo na una nguvu kuliko lafudhi. Makabila ya Kusini yana watani wao, na mtani anaruhusiwa kusema msibani au harusini jambo ambalo ndugu hawezi kulitamka. Rafiki wa Chande awe mtani wa ukoo wa Somoe, na ukweli wote mchungu wa filamu upite kinywani mwake. Unyago, kwa upande mwingine, uache ndani. Kungwi anaweza kuwa mhusika mzuri sana, mwanamke wa miaka 70 anayemshauri Somoe kana kwamba ana miaka 16, lakini mlango ufungwe na sisi tubaki nje na Chande tukisikia vicheko. Nyimbo za ndani si zetu kuzitoa.

Skripti yenyewe iwe kurasa 85 hadi 95, kwa hesabu ya ukurasa mmoja kwa dakika moja. Hesabu hiyo hukosea kwenye maongezi ya Kiswahili cha pwani, kwa sababu salamu zina mzunguko na mtu mzima hakatizwi. Somesheni skripti nzima mezani, waigizaji wote, na saa mkononi. Ikizidi dakika 100, kata salamu zisizobadilisha kitu na uache zile za Chande na Somoe. Wakutane kabla ya ukurasa wa 12. Kufikia ukurasa wa 25 pawe na jambo linalowafunga pamoja wasiweze kukimbiana: kwa mfano Wakala wa Vipimo wanakuja kukagua sokoni, Somoe anahitaji mizani yenye stika ndani ya wiki, na anayejua mambo hayo ni mmoja tu. Katikati, karibu na ukurasa wa 45, kila mmoja ajaribu kazi ya mwenzake. Chande mwambani na viatu vya ngozi. Somoe ghalani akikadiria gunia kwa jicho na kukosea kwa kilo mbili tu, jambo linalomkera Chande kuliko angekosea kwa ishirini.

Kwenye upigaji, swali la kwanza ni mwezi gani. Matukio ya mabibo na mavuno hayapatikani nje ya msimu. Juni utakuta majani na maua yanaanza, na wapuliza salfa mashambani. Vumbi la salfa liogope. Linawasha macho ya waigizaji na linaingia kwenye pete ya lenzi. Novemba utapata mabibo mekundu na ya njano chini ya mti, lakini makarani wa kweli hawana nafasi, maghala yana malori, na kuanzia mwisho wa mwezi mvua inaweza kukukatia siku. Njia inayofanya kazi ni kugawa: siku nne au tano za nje mwisho wa Oktoba kwa shamba na mnada, na mambo yote ya ndani ya ghala wakati msimu umefungwa. Ghala likiwa tupu, gunia 30 zinatosha. Jaza makumbi ya nazi zile za nyuma, za mbele tu ziwe na korosho, na usizipige kutoka juu. Gunia la korosho ghafi ni kama kilo 80, na mwigizaji akiinua la makumbi kwa mkono mmoja kila mkulima ataona uongo, kwa hiyo zile zinazobebwa ziwe na mchanga angalau kilo 30. Mabibo huoza haraka. Yaokotwe asubuhi ya siku ya kupiga, ndoo tatu, na yabadilishwe mchana.

Matukio ya mwambani ndiyo magumu zaidi, na sababu ni maji. Katika pwani hii, siku za bamvu maji hukupwa kabisa kwenye saa 4 hadi 5 asubuhi, na kila siku husogea mbele kwa takriban dakika 50. Mwamba unakuwa wazi vya kutosha kwa saa mbili, pengine tatu. Tukio la kurasa nne haliishi kwa saa mbili, kwa hiyo linahitaji asubuhi mbili mfululizo, na asubuhi ya pili uanze dakika 50 baadaye ili maji yawe kimo kile kile. Pigeni picha ya simu ya mwamba mmoja wenye alama kila mnapoanza. Mkishindwa kulinganisha maji, Chande atakuwa na maji ya kifundo kwenye swali na ya goti kwenye jibu. Jedwali la kupwa na kujaa linapatikana kwa watu wa bandari, lakini muulizeni na mvuvi. Vijiji kadhaa vya pwani hufunga miamba yao kwa miezi fulani ili pweza wakue, hivyo kabla ya kutaja tarehe zungumzeni na serikali ya kijiji na kamati ya uvuvi. Pweza wa kuigizia wanunuliwe watatu au wanne kwa tukio, wakae kwenye mfuko uliofungwa ndani ya boksi la barafu. Wakigusa maji ya barafu iliyoyeyuka hugeuka weupe, na juani hupoteza rangi upesi, ndipo mtu wa muendelezo, anayehakikisha vitu vinafanana picha hadi picha, anapoanza kulia.

Jua la huku lina tabia yake. Mtwara iko kama nyuzi 10 kusini mwa ikweta, kwa hiyo katikati na mwisho wa Oktoba, na tena mwisho wa Februari, jua la saa 6 mchana hupita utosini kabisa. Macho ya mwigizaji huwa mashimo mawili meusi. Pigeni saa 12 na nusu hadi saa 3 na nusu asubuhi, pumzikeni au ingieni ndani, rudini saa 9 na nusu. Juni jua huzama dakika chache tu baada ya saa 12 jioni, Desemba hukaribia saa 12 na dakika 40. Mkilazimika kupiga mchana, ingieni chini ya mkorosho, na shuka jeupe au ubao wa polistirini mita moja kwa mbili uwekwe upande wa uso. Rekebisha mwanga kwa ngozi, bahari iungue kidogo kama ni lazima. Bahari ikitoka nzuri na uso wa Somoe ukawa kivuli, hakuna kichekesho kitakachopita.

Fremu 25 kwa sekunde na shata 1/50, kwa sababu umeme wetu ni hezi 50 na taa za soko zinaweza kuchezacheza ukiweka namba nyingine. Mkilala kwenye chumba chenye kiyoyozi, toeni begi la kamera nje likiwa limefungwa nusu saa kabla ya kazi. Lenzi baridi ikikutana na hewa ya Mtwara hufunga ukungu, na kuifuta kwa fulana ndiko kunakoikwaruza.

Kisha sauti, ambayo huua filamu nyingi kuliko picha. Upepo wa kusi ukivuma Juni hadi Agosti, ufukwe wa Shangani haufai kwa maongezi bila maiki yenye kifuniko cha manyoya, na hata hivyo makuti ya minazi hubaki yakisemezana. Muwe na bumu moja, maiki ya kushikwa kwa fimbo juu ya waigizaji, na maiki mbili za kifuani, na sauti ya maongezi ikae karibu na desibeli -12. Adhana ikianza, simamisheni: ukiendelea kupiga, mhariri akikata tu, adhana nayo itaruka maneno, na hiyo si sauti ya kuchezea. Kila mahali rekodini dakika moja ya kimya cha pale pale, watu wote wametulia, ili kuziba mapengo. Kivuko cha kwenda Msangamkuu ni kizuri mno kwa macho na kibaya mno kwa masikio; kipeni tukio lisilo na neno hata moja, mfano Chande amekaa na ndoo ya pweza mapajani na abiria wanamtazama.

Vichekesho vya aina hii havipendi klozapu, picha ya uso peke yake. Mweke Chande na Somoe ndani ya fremu moja, kiunoni kwenda juu, na uache wamalizane. Kinachochekesha mara nyingi kiko kwa anayesikiliza, sio anayesema, na ukikata kwenda kwa msemaji umekitupa. Piga tukio zima hivyo mara tatu au nne, halafu ndipo uchukue za karibu kama akiba. Mwigizaji anayejua kwamba mstari wake unachekesha ataukandamiza. Mwambie autamke kana kwamba anataja bei. Kurasa tano au sita kwa siku zinawezekana, kwa hiyo siku 16 hivi. Kikosi cha watu 14 kwa siku 16, milo mitatu, ni sahani 672, na fungu hilo pamoja na usafiri ndilo hupasua bajeti. Panga mama lishe mmoja kwa mkataba tangu siku ya kwanza.

Hifadhi: picha za 4K za megabiti 100 kwa sekunde hula gigabaiti 45 kwa saa. Mkipiga saa tatu kwa siku, siku 16 ni zaidi kidogo ya terabaiti mbili. Nunueni diski mbili za terabaiti nne, zinakiliwe zote kila jioni, zilale nyumba mbili tofauti.

Vibali viombwe mapema, maana skripti nayo husomwa. Bodi ya Filamu Tanzania iliyo chini ya Sheria Na. 4 ya 1976 ndiyo inayotoa kibali cha kupiga na baadaye kupanga daraja la umri. Afisa utamaduni wa halmashauri ataeleza utaratibu, na mtendaji wa kijiji au mtaa ajulishwe kwa barua. Droni ina kibali chake kutoka TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga. Bandari na mitambo ya gesi msiielekezee kamera bila ruhusa ya maandishi. Kwa majengo ya kale ya Mikindani muulizeni kwanza mwenye jengo. Boma la Wajerumani liligeuzwa hoteli.

Kwenye uhariri, acheni nusu sekunde, yaani fremu 12 au 13, kati ya mzaha na jibu, kisha pelekeni filamu isiyokamilika kwenye kibanda umiza mkae nyuma na daftari. Wekeni alama kila pahali watu walipocheka na waliposhika simu. Kicheko kikubwa humeza mstari unaofuata, kwa hiyo mstari huo usiwe na habari ya lazima. Kama ni wa lazima, sogezeni mbele au mpeni Chande kitu cha kuandika kwanza. Watu wakishika simu kwa zaidi ya dakika moja, tukio hilo halina kilo na fungu ndani yake, limebaki na maneno matamu.

Wimbo wa bongo fleva unaopendwa msiuweke bila idhini. YouTube huutambua, na mapato yanaweza kwenda kwa mwenye wimbo au video ikafungwa. Mlipeni msanii wa hapa Mtwara, rekodini ngoma yake, na mkataba utaje filamu, trela, televisheni na mtandao kila kimoja kwa jina lake. Mwisho, mhariri atoe faili tatu za sauti zilizotenganishwa, maongezi peke yake, muziki peke yake, na milio ya mazingira peke yake, pamoja na manukuu kwenye faili lake. Mnunuzi wa televisheni akitaka wimbo fulani utolewe, au akitaka kuweka sauti za lugha nyingine, hamtalazimika kuifumua filamu nzima.